Kinu cha Bi Somoe kiliibwa asubuhi ya tamasha letu, na mwizi akatuachia fimbo yake

Wakuu heshima yenu, wenyeji na wageni wa jukwaa.

Mimi humu ndani ni msomaji. Mkiniona nimeandika mjue kuna mtu kauliza habari za beringi au mkanda wa mashine. Leo nimeleta la kwangu. Sitaongeza chumvi, maana lenyewe limekolea. Majina ya watu nimebadilisha na mji sitautaja, ingawa wadau wa Kibiti na Mohoro mtaujua kabla hamjafika katikati ya uzi.

Kwa kifupi, mimi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Mpare wa Same. Nililetwa huku bondeni kumfungia tajiri mmoja mashine yake, nikajiambia nikimaliza naondoka. Nikaonjeshwa wali wa mpunga mpya na samaki wa kupaka, nikaoa, basi safari ikaishia hapo.

Na nina ugonjwa mmoja, niuseme mapema. Nauliza sana. Mke wangu anasema siku nikifa malaika wa kaburini hawatapata nafasi ya kuuliza lolote, nitakuwa nimewatangulia mimi. Ugonjwa huo ndio ulioniingiza kwenye mambo haya.

Mji wetu ni mashine. Ukishuka barabarani ni vibanda vya mashine vimepangana mpaka unakaribia mashamba, na nyuma yake milima ya pumba. Asubuhi unaamshwa na mashine, mchana unaongea kwa kupiga kelele kwa sababu ya mashine.

Na mpunga ndio uliokusanya watu. Wandengereko na Wamatumbi ni wenyewe. Wapo Wangindo, wapo Wamakonde, zipo familia za Kiarabu na za Kihindi zilizobaki toka biashara ya zamani ya mtoni. Wanyagatwa wa deltani wanapanda na kamba wao wa baharini kutoka Salale, wakishauza wanaondoka na mchele. Wapo Wasukuma waliokuja na ng'ombe, wakajenga ng'ambo ya mashamba.

Na Mpare mmoja. Kumbukeni hilo, litakuja kuleta vichekesho.

Sasa, baada ya mavuno, kazi ilipopungua, Mwalimu Shamte akaja na wazo. Huyu ni mwalimu mstaafu, mtu wa suruali iliyonyooka pasi, anatusahihisha Kiswahili mpaka kwenye grupu la WhatsApp. Akasema mji wenye watu wa kila aina hivi hauwezi kukaa bila siku yake. Tufanye tamasha la makabila. Kila kabila banda lake la makuti, chakula chake, ngoma yake. Na siku hiyo mashine zote zizimwe.

Watu wakalipenda. Tukajiandikisha kujitolea, Mwalimu akawa mwenyekiti. Dada Tatu, anayeuza chai na chapati mbele ya mashine yangu, akapewa upande wa chakula. Tatu ni Mndengereko, ana roho nzuri ila ulimi wake una makali, ukichelewa kulipa chai mji mzima utajua. Mimi nikapewa vitu vya zamani: mitungi, mitego ya samaki, vinu.

Kikaoni ikaulizwa, je Wapare? Nikasema niko peke yangu, niacheni. Mwalimu akasema hapana, haki ni haki, kila kabila banda. Yaani wakuu, nilijengewa banda zima, peke yangu na sufuria ya makande. Tatu akasema afadhali, makande yenyewe hayatakuwa na wa kuyagombania.

Pakabaki swali la Wasukuma. Kiangazi kilichotangulia ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa watu, maneno yakawa mengi, na kinyongo kilikuwa hakijatulia. Mwalimu akasema, kwa sauti ya upole kabisa, mwaka huu tuwaache kwanza tusije tukaharibu siku. Hakuna aliyepinga. Tukahamia kwenye ajenda ya spika.

Ratiba ilikuwa hivi: ngoma, kisha hotuba ya Mwalimu kuhusu utani wa makabila, kisha kilele chenyewe, kutwanga. Wanawake wanne wa makabila manne, kinu kimoja, michi minne, wanapokezana bila kugongana, kama walivyotwanga mama zao kabla mashine ya kwanza haijafika huku.

Kinu cha michi minne ni kikubwa. Mjini kimebaki kimoja, na mwenyewe ni Bi Somoe.

Bi Somoe ni mjane, nyumba yake iko nyuma ya mashine za zamani. Kinu kile alimchongea marehemu mumewe, Mzee Mbonde, kutoka gogo moja la mkongo. Kinanifika kiunoni. Pembeni chini kachonga kiua kidogo ambacho usipoinama hukioni. Waliokwenda kukiazima kabla yangu walirudi mikono mitupu, mmoja hata kiti hakupewa.

Nikaenda mimi. Nilimkuta anachambua mchele.

"Wewe ndiye Mpare anayegonga vyuma?"

"Ndiye, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kinu changu hakikaliwi. Hakiwekewi mguu. Na hakilali nje, jua likizama kiko hapa. Nani atakirudisha?"

"Mimi."

"Wewe kwa mikono yako, au utatuma watu?"

Nikamwambia mimi kwa mikono yangu, Inshallah. Kisha akauliza jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani.

"Na watani wetu mmewaalika? Wasukuma?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kamati imeona tuwaache mwaka huu. Akasema "Aa," akaendelea na mchele wake. Nikadhani ndiyo nimekosa. Mara akasema njoo ukichukue siku yenyewe alfajiri, mkiweke uwanjani mapema, mahali pa wazi, kila mtu akione.

Nilitoka pale natembea kifua mbele. Kwenye grupu nikaandika "Kinu tayari," nikapigiwa makofi mengi ya emoji.

Siku ya tamasha ikafika. Wakuu, sijui niwaelezeje mji ule bila mashine. Nilisikia mtu anakohoa mtaa wa pili. Nilisikia ufagio. Nilisimama barabarani nasikiliza tu, mimi ambaye kelele zile ndizo zinanilisha.

Nikakibeba kinu na vijana, tukakisimamisha katikati ya uwanja. Kisha nikaitwa kuangalia jenereta la spika, lilikuwa linagoma. Nikalihudumia, nikanawa mikono, nikarudi.

Kinu hakuna.

Pale kilipokuwa pamebaki duara kwenye mchanga. Na katikati ya duara imechomekwa fimbo, hizi za kuchungia ng'ombe, imefungwa kitambaa chekundu. Pembeni alama za mkokoteni wa ng'ombe zinaelekea mashambani.

La kwanza lililonijia ni Bi Somoe na lile neno "kwa mikono yako".

Nikamuuliza mama muuza vitumbua, alikuwa jirani kabisa. Akasema ameona, kwani vipi? Vijana watatu wamekuja na mkokoteni, wamemsalimia vizuri, wamesema wamekuja kumchukua mgeni wao. Tena yeye mwenyewe aliwasaidia kuinua.

"Mgeni gani mama? Si kinu hiki?"

"Mie najuaje? Nilijua ndio nyie wa kamati."

Sasa hapo ugonjwa wangu ukaniamkia. Mwizi gani anasalimia? Mwizi gani anaacha fimbo yake, kitu ambacho mchungaji hatengani nacho, tena kaipamba? Na kinu cha kutwangia mpunga mfugaji anakipeleka wapi, wakati mpunga wake anauleta mashineni kwangu?

Lakini wenzangu hawakuwa na maswali. Mwalimu alipoiona ile fimbo uso ulimbadilika. Akapanda jukwaani, akashika maiki, akatangaza kwamba kinu cha urithi wetu kimeibwa, na walioiba wametuachia fimbo kutudhihaki. Hakutaja kabila. Hakuwa na haja, fimbo ilikuwa mkononi mwake.

Uwanja ukachafuka. Yale ya ng'ombe na mpunga yakafufuka palepale. Nikaona vijana wanachomoa miti ya mabanda ambayo jana yake tulishinda tukiichimbia. Mgambo wakaitwa. Mtu akapiga kelele, "Twendeni hukohuko!"

Nikamwomba Mwalimu anipe ile fimbo, nikamwambia nataka nikamweleze mwenye kinu kwanza. Akanipa, akasema muda si mrefu wanaondoka.

Nikaenda kwa Bi Somoe mbio. Njia nzima natafuta maneno. Utamwambiaje mjane kwamba kitu alichochongewa na mumewe kimekupotea hata hakijatwangiwa punje moja?

Nilimkuta amevaa khanga mpya, wanja machoni, amekaa barazani anakunywa chai. Nikamwamkia, nikasema yote bila kuvuta pumzi.

Hakushtuka. Akauliza, "Wameacha nini?"

Nikamwonyesha fimbo.

Wallahi wakuu, yule bibi alicheka mpaka akatua kikombe chini. Alicheka akajifuta machozi na ncha ya khanga, wanja ukamwagika. Mimi nimesimama, jasho linanitiririka, nikadhani labda uzee umeshamwingia.

"Bibi, tunacheka nini? Watu wanakwenda kupigana."

"Basi wewe wahi. Si uliahidi kwa mikono yako? Ishike hiyo fimbo uirudishe ilikotoka, kinu changu utakikuta. Na umchukue jogoo yule pale."

"Jogoo wa nini?"

"Maswali yako hayo! Mchukue. Nakupa wangu, maana Mpare wa watu, wako hutamtoa."

Tatu alikuwa amenifuata nyuma, akasema haendi mtu peke yake. Tukapakiana bodaboda, mimi nyuma kabisa na fimbo begani, Tatu katikati kamkumbatia jogoo. Njiani nikamuuliza, wewe ni mwenyeji, bibi yako anacheka nini? Akasema hajui, labda ni mambo ya wazee. Huyo ni binti wa hapa hapa, kaandika ratiba kwa mkono wake, hotuba ya utani ikiwemo.

Tukafika. Na hapa naomba mnisome taratibu.

Mbele ya nyumba, karibu na zizi, wametandika ngozi ya ng'ombe. Juu ya ngozi kimesimama kinu cha Bi Somoe. Kimevishwa kitenge kipya. Mbele yake kimewekwa kikombe cha maziwa mgando. Na pembeni yake, kwenye kigoda, amekaa mzee mrefu mwembamba anakipungia upepo kwa kawa.

Ndiyo, anakipungia kinu upepo.

Ndiye Mzee Masanja. Nilikuwa namfahamu kwa sura, huja mashineni na kwangu ni mtu wa maneno machache. Siku ile alikuwa mwingine kabisa.

"Karibuni, karibuni! Mmemfuata mgeni? Amechoka, anapumzika. Anasema huko kwenu kuna sherehe, lakini kaangalia huku, kaangalia kule, watani hawaoni. Akasema hawezi kukaa mahali pa namna hiyo."

Nikampa fimbo. Akaipokea kwa mikono miwili. Nikampa jogoo. Akamgeuza geuza.

"Yaani Wandengereko wameishiwa watu wamenitumia Mpare! Na jogoo huyu si wa Mpare. Mpare angeleta manyoya tu."

Vijana wake wakacheka, na mimi nikajikuta nacheka. Ndipo akili ilipoanza kufunguka. Wakuu, utani tunaujua wote. Mtani wako anakutukana hukasiriki. Anachukua kitu chako hulii, unakwenda kukikomboa. Lakini mimi nilikuwa naujua wa misibani na wa maneno ya barazani. Sikuwahi kuuona umebebwa kwenye mkokoteni.

Nikasema basi mzee, tumeshakomboa, tupe kinu, jua linapanda.

"Bado. Huyu jogoo ni wa salamu ya Somoe. Kinu nitampa yule anayehutubia habari za utani leo. Aje mwenyewe."

Tatu akapanda juu ya mkokoteni kutafuta mtandao ampigie Mwalimu. Hata hajapata, tukasikia pikipiki.

Walikuja na kirikuu kimoja cha mizigo na bodaboda nyuma, mgambo na vijana wenye miti. Wakashuka. Vijana wa Masanja nao wakainuka, kila mmoja na fimbo yake. Nilisikia ng'ombe zizini wanahema.

Nitasema kweli, niliogopa. Sikujua nifanye nini, nikaenda nikasimama kando ya kinu nikakishika. Nikawaza likitokea lolote, mimi nimekumbatia nilichoahidi.

Mwalimu akasogea mbele. Mkono mmoja kanyooshea kinu, mkono wa pili kashika makaratasi yake ya hotuba. Alikuja nayo huko, nadhani hata hakujua kama anayo.

"Mzee Masanja, jambo hili..."

Masanja akatia mkono kwenye koti, akatoa kofia. Kofia ya viua, ya zamani, imekuwa rangi ya chai. Akaivaa, akaishusha kidogo upande wa sikio. Akainama mgongo, akashika kiuno kwa nyuma. Akaanza kutembea kumwendea Mwalimu, anaburuta mguu wa kushoto.

Na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya puani, ya mtu wa huku huku.

"Shamte. Unakuja kwangu na mgambo, mwanangu? Umekula lakini?"

Mwalimu alisimama kama aliyechomwa sindano. Mdomo wazi.

Tatu akanishika mkono, ananong'ona haraka haraka. Huyo ni Mzee Mbonde, fundi. Mumewe Bi Somoe. Alikuwa anatembea hivyo hivyo. Ni mjomba wake Mwalimu, ndiye aliyemlea. Siku ya msiba huyu Masanja alikuja akavaa kofia ya marehemu, akaigiza hivi hivi, akaingia kaburini akagoma kutoka mpaka akakombolewa. Nilikuwa mdogo, akasema, nimeikumbuka sasa hivi.

Kofia ile ilikuwa ya marehemu mwenyewe. Mtani aliichukua siku ile, na ni haki yake.

Masanja akaivua kofia, akanyoosha mgongo, akawa Masanja tena. Akasema bila kupaza sauti, "Siku ile nililala kaburini kwa mjomba wako kabla yake. Hamkuniuliza banda langu liko wapi."

Mimi machozi yalinilenga, sioni aibu kusema.

Mwalimu akayaangalia makaratasi yake. Akayakunja, akayatia mfukoni. Nikasubiri aombe radhi kwa Kiswahili chake kile cha sanifu. Badala yake akamsogelea Masanja, akavuta pumzi kwa pua, akasema:

"Mtani, unanuka ng'ombe."

Masanja akaruka juu. "Ahaa! Sasa ndio umekuja!"

Watu walicheka, wakuu. Mgambo walicheka, vijana wakaitupa ile miti, mmoja akaanza kuuliza maziwa yanapatikana wapi. Mwalimu akakamatwa, akahukumiwa kukibeba kinu mwenyewe mpaka kwenye kirikuu. Ile suruali ya pasi! Alisaidiwa mwisho mwisho tu, karibu aangukie samadi.

Tukarudi uwanjani msafara mzima, kinu mbele na kitenge chake, mkokoteni nyuma na vibuyu vya maziwa. Mwalimu akapanda jukwaani akasema kinu hakikuibwa, kilikwenda kutembea. Hotuba hakuisoma. Akamwachia maiki Masanja, ambaye aliwatukana watu wa pwani mmoja baada ya mwingine mpaka wazee wakaomba maji.

Pakawa na tatizo la banda. Wasukuma watakaa wapi? Kamati ikakutana palepale, wajumbe wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Basi ndiyo hivyo, nikaporwa banda langu, nikagawana na Wasukuma. Ndani ya muda mfupi hata pa kusimama nimekosa, sufuria yangu imesukumwa kando. Lakini niwape siri, makande na maziwa mgando vinaendana. Yaliisha. Tatu mwenyewe alirudia bakuli, mashahidi ninao.

Na kutwanga kukafanyika. Mama wa Kindengereko, wa Kimatumbi, wa Kimakonde, na wa nne akawa mke wa Masanja. Alikosea mwanzoni, mchi wake ukagonga wa mwenzake, wakacheka, wakaanza upya. Walipopata mwendo, sauti ile ilienea mji mzima kwa sababu hakuna mashine iliyokuwa inawaka. Nilisimama nyuma nasikiliza namna michi inavyopishana, na nikasahau kuuliza chochote.

Jua lilipoanza kuteremka nikasema ahadi ni ahadi. Nikaomba kirikuu. Masanja akasema anakuja na mimi.

Tulipofika kwa Bi Somoe alikuwa mlangoni, ameshapaka wanja upya. Nikakishusha kinu kwa mikono yangu na kijana mmoja, nikakiweka pale pale nilipokitoa. Akainama, akagusa kile kiua kwa vidole. Nikasema bibi, amana yako hiyo. Akaitikia kwa kichwa lakini hakuniangalia. Alikuwa anaangalia njia.

Masanja alikuwa bado njiani. Ameivaa kofia. Anakuja taratibu, kashika kiuno, anaburuta mguu wa kushoto.

Akafika kwenye kizingiti, akasema kwa ile sauti ya puani, "Somoe. Leo umepika nini?"

Bi Somoe akajibu palepale, kama mtu aliyeulizwa jana na juzi. "Nawa mikono kwanza. Umetoka wapi mpaka saa hizi?"

Kisha akacheka na kulia pamoja, akakaa chini kwenye kizingiti, na Masanja akakaa naye, kofia bado kichwani. Alikuwa amepika kweli. Wali, na samaki wa kupaka, wa watu kadhaa.

Nikaona sahani alizokwisha kupanga nikaelewa. Nikamuuliza, ningeachaje? Bibi, wewe ulijua watakuja kukichukua?

"Nilijua? Nilimpelekea salamu mwenyewe. Tangu mazishi hajaingia humu. Mtani haji bure bure kuvaa kofia ya mtu, anataka sababu. Nyie mkaniletea sababu mpaka mlangoni."

Basi. Mimi nilidhani nimepewa kinu kwa sababu ya uaminifu wangu.

Wakuu, ugomvi wa ng'ombe na mpunga haukwisha siku ile, msije mkanielewa vibaya. Ng'ombe bado wanaingia, vikao bado vinakaa. Tofauti ni kwamba sasa vikao vinaanza kwa Mwalimu na Masanja kutukanana kidogo, watu wakishacheka ndipo wanafika kwenye hoja, na hakuna aliyechomoa mti tena.

Nilichojifunza mimi ni kimoja. Tulikuwa tumeuweka utani kwenye ratiba, baada ya ngoma kabla ya kutwanga, na ulipokuja wenyewe kwa miguu yake tukauitia mgambo. Siku hizi nikiona jambo silielewi nauliza mara mbili kabla sijamwita mtu mwizi. Mke wangu anasema sasa ndio nimeharibika kabisa.

Karibuni mchangie, na watani wangu wa humu nawajua, tukaneni kwa heshima. Ningependa kusikia kwenu watani bado wanachukua vitu, au imebaki misibani tu? Na mtu akichukua anaacha alama gani?

Halafu kuna swali nilimuuliza Bi Somoe siku nyingine, nilipopita kumsalimia. Nilimuuliza kwa nini ile kofia ya mumewe hajawahi kuidai.

Akaniambia, "Nikiiweka mimi kabatini itakuwa kofia tu. Ikiwa kwa Masanja, siku moja moja inarudi nyumbani."